Ripoti Iliyokatwa Kutoka Chini

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka hospitali na bahasha kubwa ya kahawia. Ndani mna picha za eksirei, moja ya mgongo na moja ya kifua, pamoja na ripoti. Ukurasa mmoja tu! Mwalimu Mkuu, jirani yangu wa mlango wa pili, alipewa kurasa tatu na mhuri juu.

Chanzo cha yote ni balbu ya jikoni. Nilipanda kiti kuibadilisha, kiti kikayumba, nikatua kwa mgongo. Kishindo kikubwa. Nikalala pale sakafuni nikingoja mtu agonge mlango kuuliza kimeanguka nini. Hakuna aliyegonga. Hatimaye nikajiinua, nikajipa pole, nikajijibu asante.

Kifua kilipigwa picha kwa sababu nilikohoa mbele ya daktari. Kilikuwa kikohozi cha adabu, cha kumkumbusha kuwa bado nimo chumbani.

Sasa hii ripoti. Kiingereza cha kidaktari kitupu. Mimi ni msahihishaji mstaafu wa gazeti. Nimesoma hukumu za mahakama, matangazo ya zabuni na mashairi ya wasomaji wenye hasira. Hii imenitoa jasho. Kuna neno refu mpaka limevunjwa katikati likamalizikia mstari wa chini. Daktari wa kunieleza anapatikana wiki ijayo. Niende nikapumzike, walisema. Nipumzike! Mimi nafanya nini kingine?

Jioni nikapita kwa Mwalimu Mkuu kumwonyesha bahasha. Hakuifungua. Alichukua kichupa chake juu ya televisheni, akakitikisa. Ndani mna kijiwe kilichomtoka kwenye figo mwaka jana. Nimeshaonyeshwa hicho kijiwe mpaka nakijua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Akanikumbusha jinsi watoto wake walivyokuja wote, magari mawili, matunda kwa makapu, viti vikapungua wakaazima vya kwangu. Kana kwamba nimesahau! Nilikaa kwenye mkono wa kochi siku ile. Na viti havijarudi.

Mimi nina binti mmoja. Ni mpimaji kwenye mradi wa barabara, mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Tangu mama yake afariki hunitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili: shikamoo baba, uko salama, kazi zimenibana, nitakuja nikipata nafasi. Mfupi. Mimi huusikiliza tena Jumatatu, ili wiki ianze na sauti ya mtu.

Jumanne, 4 Machi

Ugunduzi! Dada wa duka la dawa ameniwekea kwenye simu hii akili mnemba wanayoisema watu. Unaiandikia, inakujibu. Unaipigia picha karatasi, inaisoma. Nimeipa jina: Msomi.

Nilianza na habari za asubuhi, kwa sababu nimelelewa. Akajibu vizuri, akauliza anisaidie nini. Ni wa kwanza kuniuliza hivyo leo. Nimeona haya kufurahi, lakini nimefurahi.

Nikampa ripoti. Hakuchukua hata muda wa mtu kuvaa miwani. Kwanza akatoa tahadhari: picha zenyewe hajaziona, anasoma tu maneno ya mtaalamu aliyeziangalia, na yeye si daktari. Mnyenyekevu! Kisha akaeleza mgongo kwa Kiswahili safi, nukta zote mahali pake. Hakuna mfupa uliovunjika. Pingili zimechakaa kidogo, kama inavyotarajiwa kwa umri wangu. Watu wengi wa rika langu wanayo hayo na wala hawajui. Nitembee taratibu, nisibebe vizito.

Kama inavyotarajiwa! Nimevunjika moyo, sitaficha. Nimeanguka kutoka kwenye kiti, nimepigwa picha mbele na nyuma, halafu naambiwa ninachoumwa ni uzee. Uzee naujua. Nilikuwa nao kabla ya kiti.

Nilimzima hajamaliza. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye kifua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Mwalimu Mkuu alipougua, watoto wake walikuja. Mimi nikiugua vya kutosha, binti atakuja. Hesabu rahisi. Kinachonipungukia ni ugonjwa.

Nikamwomba Msomi aniandikie ujumbe kwa binti, atie chumvi kidogo. Akakataa. Kwa heshima, lakini akakataa. Alisema haitakuwa vizuri kumtia mwanangu hofu kwa jambo ambalo ripoti haisemi. Akauliza kama ningependa anisaidie kumwandikia kwamba nimemkumbuka. Nimkumbuke! Mtu haombi ruhusa kazini kwa sababu amekumbukwa. Nikamwambia mimi ni mkubwa wake kwa umri. Akasema analiheshimu hilo. Akakataa tena.

Nikabadili mbinu. Nikamwomba anitafsirie yale maneno marefu peke yake, moja baada ya jingine, neno kwa neno, maelezo asilete. Hapo hakuwa na pingamizi. Na jamani! Kumbe mali yote imo humo! Uharibifu wa diski. Kusinyaa kwa nafasi kati ya pingili. Miiba ya mifupa. Miiba! Mgongo wangu umeota miiba na jana ananiambia nitembee taratibu!

Mwishoni, bila kuulizwa, akaongeza aya. Alisema hayo ya mgongo yanatisha kwa majina tu, lakini kwenye kifua kuna jambo nisilipuuze. Sehemu ya juu ya pafu la kulia kuna doa dogo. Huenda ni kovu la zamani, huenda si kovu. Eksirei peke yake haiwezi kusema. Mtaalamu ameshauri kipimo kikubwa zaidi, CT scan, na kifanywe mapema. Nisingoje wiki ijayo. Nirudi kwa daktari.

Doa dogo. Nilicheka peke yangu. Nani atapanda basi kutwa nzima kwa ajili ya doa dogo? Madoa ninayo hata kwenye kitambaa cha meza.

Gazetini habari ikizidi nafasi, inakatwa kutoka chini. Ndiyo kazi tuliyofundishwa. La maana huwekwa juu. Chini hubaki majina ya waliohudhuria. Nimekata mikia ya habari tangu ujana wangu na hakuna msomaji aliyewahi kuja kuidai. Basi nikaikata aya ya mwisho. Nikaacha uharibifu, nikaacha kusinyaa, nikaacha miiba. Juu nikaweka kichwa cha habari: Majibu ya Baba. Nikatuma.

Kazi safi. Mhariri wangu wa zamani angenipa ukurasa wa mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Binti amepiga simu! Si ujumbe, simu! Siku ya kazi, saa za kazi!

Sauti ilikuwa inatetemeka. Akauliza kama naweza kukaa. Nikasema naweza, nikijikaza. Akauliza kama naweza kutembea. Nikanyamaza kidogo, kama wanavyonyamaza redioni kabla ya kutangaza msiba. Akasema basi, anaomba ruhusa, kesho yuko njiani. Bosi wake amefoka, wako katikati ya mradi na yeye ndiye mwenye vipimo vyote, lakini anakuja. Nikamwambia asijisumbue. Moyoni nikaomba asinisikilize.

Nimefagia nyumba nzima. Nimetandika kitanda cha chumba cha pili. Shuka lake lina maua ya njano. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Furaha ikanipeleka kwa Mwalimu Mkuu. Nikamsomea majibu yangu polepole, miiba nikaiweka mwisho. Ilimgusa. Nilimwona anakitazama kichupa chake kama kimepungua. Akakimbilia kabatini akaleta ripoti yake ya figo, akataka Msomi aisome naye aonekane. Nikaipiga picha. Msomi akasema kijiwe cha ukubwa ule mara nyingi hutoka chenyewe, mtu akinywa maji ya kutosha. Maji! Nilicheka mpaka nikakohoa. Mwenzangu hakucheka. Alinifungulia mlango na hakunisindikiza.

Kila Ijumaa mimi na yeye hucheza drafti. Leo nimepanga kete za pande zote mbili, nikacheza na nafsi yangu. Nikashinda. Haina ladha.

Halafu Msomi ana kidomodomo. Nimemwuliza supu gani inamfaa mtu aliyetoka safari ndefu, akanijibu vizuri tu, kisha akauliza kama nimeshamwona daktari kuhusu lile doa. Nikamwambia hapa tunazungumzia supu.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Mpango ulikuwa hivi: binti anafika jioni, ananikuta kitandani, mito mgongoni, pazia nusu, uso nimeuelekeza ukutani. Nilikuwa nimeshaufanyia mazoezi huo uso mbele ya kioo.

Mchana gesi ikaisha, supu ikiwa haijaiva. Sasa ningemlaza mtoto na njaa? Nikateremka dukani, nikachukua mtungi, nikaubeba begani kuupandisha ngazi. Najua niliambiwa nisibebe vizito. Lakini nilikuwa na furaha na mtungi haukunielemea. Nilikuwa hata napiga mluzi.

Basi liliwahi. Nilipogeuka kwenye kona ya ngazi nikamwona kule chini, amesimama na begi lake, ananitazama. Mimi na mtungi wangu, na mluzi wangu, na miiba yangu.

Nikatoa mguno wa maumivu. Ulichelewa.

Alipanda, akaninyang'anya mtungi, akaingia nao jikoni, akaufunga mwenyewe. Kisha akaomba ripoti. Ripoti yenyewe, alisema, siyo ile niliyomtumia. Akaiweka mezani, akaipiga picha kwa simu yake. Kumbe na yeye ana Msomi wake! Akamwuliza swali moja la kawaida, ambalo mimi sikuwahi kumwuliza wangu: hii inasema nini, na tufanye nini.

Nikamwangalia anavyosoma. Alipofika kwenye mgongo uso ukakaza. Nikajua leo nitakiona cha mtema kuni. Halafu akafika chini, na uso ukalegea wote. Akauliza, kwa sauti ndogo, sehemu ya kifua iko wapi katika ule ujumbe wangu. Nikamwambia ukweli. Niliikata. Habari ilikuwa ndefu.

Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akalia. Alilia mabega yakitikisika, bila kujificha. Akasema tangu Jumatano alikuwa anaogopa kitu kisichokuwapo, na chenyewe cha kuogopa nimekitupa. Mimi nilisimama na kijiko cha supu mkononi. Nilitaka aje. Nilitaka anionee huruma. Sikutaka hivi. Nikamwuliza kama chumvi imekolea. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Amenuna. Amefua mapazia, amesugua sufuria mpaka nimeziona rangi zake za ujana, amefungua madirisha ambayo mimi nilidhani hayafunguki. Neno, hakuna. Nilikuwa nadhani kimya cha mtu mmoja ndicho kibaya. Cha watu wawili kinakaa mezani na kula nanyi.

Saa ya ujumbe wake wa sauti ikafika, ikapita. Yuko chumba cha pili, atatumaje ujumbe? Nimeishia kukosa hata ile shikamoo ya kila wiki.

Nikamwuliza Msomi jinsi ya kumtuliza mtoto aliyekasirika. Akasema nimwombe radhi kwa jambo lenyewe nililofanya, nisizunguke. Nikazunguka. Nikamsifia binti mapazia. Akasema asante, akatoka chumbani.

Jioni Mwalimu Mkuu kagonga. Alisikia kilio jana kupitia ukutani, hakulala vizuri. Amekuja na viti vyangu! Vyote! Binti akamwamkia, akamkaribisha chai, na mzee wa watu akaharibu kila kitu. Akamwambia anamfahamu sana, kwa sababu baba yake kila siku ni binti, binti, binti. Anajua hadi jina la paka wake wa utotoni. Nikatazama dari. Akaendelea. Akasema wale watoto wake wa magari mawili walikaa mchana ule mmoja tu. Walikuwa wanaangalia saa. Wakaondoka kabla matunda hayajamenywa, na tangu hapo hakuna aliyerudi. Alisema hayo akiwa ameinamia kikombe.

Mchana mmoja tu! Na wangu amelala hapa! Nimemshinda tena, na bila hata kusema kitu.

Binti alimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Aliporudi alisimama sebuleni muda mrefu akinitazama, kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikamwuliza kama anatafuta kitu. Akasema hapana. Akanipa shikamoo, jioni hiyo, bila sababu yoyote.

Jumanne, 11 Machi

Binti hakungoja miadi ya daktari. Jana alinipeleka, akasimama dirishani kwa dada wa mapokezi na kumweleza kwa upole mpaka dada akachoka. Tukaingia.

Daktari alisoma ripoti, akauliza nani ametushtua kurudi mapema. Binti akaonyesha simu. Daktari akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alisema kila siku watu wanamletea majibu ya simu. Wapo wanaokuja wamekufa kwa hofu na hawana kitu. Wapo waliotulia na hawakutakiwa kutulia. Alipoelezwa niliyofanya mimi, akasema ndiyo mara ya kwanza anaona mtu mmoja amefanya yote mawili kwa karatasi moja. Nilitaka kumshukuru, kisha nikaona uso wa binti.

Leo ndiyo tumefanya kipimo. Miwani niliisahau nyumbani, kwa hiyo binti akajaza fomu yote mwenyewe: jina, umri, namba ya simu ya kupelekewa majibu, magonjwa ya ukoo. Nikavuliwa shati. Nikalazwa kwenye kitanda chembamba kinachojisukuma chenyewe kuingia kwenye duara kubwa jeupe. Watu wote wakatoka wakafunga mlango. Sauti ikaniambia nivute pumzi, niizuie. Kisha niachie.

Kwenye ule muda wa kuzuia pumzi niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa sana. Wiki nzima nimekuwa nikiutafuta ugonjwa kama mtu anayetafuta kazi, na sasa huenda nimeajiriwa. Nikamfikiria mama yake binti. Alikuwa ananiambia mimi sijui kuomba kitu, najua kukivizia tu.

Nilipotoka, binti alikuwa amesimama ukutani koridoni. Akanishika mkono. Mara ya mwisho alinishika hivyo alikuwa anavuka barabara kwenda shule. Sikuutikisa wala sikuukaza, asije akakumbuka kuuachia. Tulifika hivyo hadi getini.

Majibu ni Ijumaa. Amempigia bosi kumwambia haondoki mpaka yatoke.

Alhamisi, 13 Machi

Binti ameanza kuongea! Asubuhi amenisomea gazeti, nami nikasahihisha kwa masikio. Nikamsimulia ile siku tangazo la harusi lilipochapishwa kwenye ukurasa wa tanzia, na mama wa bwana harusi akaja ofisini akiwa amevaa nguo za harusi kutuonyesha kuwa hajafiwa. Alicheka mpaka akashika meza. Ana kicheko cha mama yake. Ilibidi niende jikoni kunywa maji.

Mwalimu Mkuu amekuja na drafti. Binti akamfunga, akanifunga na mimi, akatufunga sote tukishirikiana. Kijiwe hakikutajwa hata kidogo.

Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa pamoja namna hii. Naamka nakumbuka doa. Kisha nasikia vikombe vinagongana jikoni na mimi sijavigusa, nasahau doa. Kila mlio wa simu yake anashtuka. Anadhani simwoni.

Wakati tunamenya viazi aliniuliza kwa nini sikumwambia tu aje. Nikasema sikutaka kumsumbua. Akasema mtu asiyetaka kusumbua hamtumii mwanawe miiba. Alisema kule barabarani alikaa kwenye basi akipanga mazishi yangu, nani atawapigia simu ndugu, nguo gani atanivisha. Nikamwomba radhi, safari hii kwa jambo lenyewe, bila kuzunguka. Nikaahidi sitamficha tena majibu ya hospitali maadamu naishi. Nilimaanisha. Wakati nasema nilimaanisha kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kuchukua majibu peke yangu. Binti alitaka kunifuata, nikakataa. Kama ni baya, nilitaka nilisikie kwanza mimi, nitafute maneno. Nilimwacha mlangoni, uso umempauka, simu mkononi.

Dada wa mapokezi alishangaa kuniona. Alisema majibu yameshatumwa tangu asubuhi kwenye namba iliyo kwenye fomu. Nikaitoa simu yangu, nikamwonyesha: hakuna kitu. Nikamwambia mtandao wao nao unahitaji kulazwa. Akanichapishia nyingine.

Daktari akaniita. Kovu! Kovu la zamani, la ugonjwa ulionipata zamani ukapona wenyewe bila kuniaga. Si saratani. Hakuna dawa, hakuna kisu, hakuna kipimo kingine. Akasema niende nyumbani nikaishi na binti yangu vizuri.

Nimekaa kwenye benchi la getini nikalia. Mzee mzima. Mama mmoja akanipa pole, nikamwambia ni habari njema, akanipa hongera, akaondoka. Nilitamani akae kidogo.

Kisha nikafikiri. Habari njema, ndiyo. Na basi la asubuhi nalo lipo. Binti alisema anakaa mpaka majibu yatoke. Yakitoka, anaondoka. Nikaiona Jumapili ijayo: shikamoo baba, kazi zimenibana. Nikaona shuka la maua ya njano linakunjwa. Bahasha ikawa nzito kuliko ule mtungi wa gesi.

Nikaikunja, nikaisukuma ndani ya shati.

Nilipofika nyumbani binti alikuwa jikoni anaimba. Macho mekundu. Nikamwuliza ana nini, akasema ni vitunguu. Alikuwa anakata karoti. Sikumhoji, nilikuwa na kazi yangu. Nikakaa, nikashusha pumzi, nikamwambia mashine yao imeharibika, majibu mpaka wiki ijayo.

Akaweka kisu chini. Alinitazama kwa muda, midomo inacheza kama anayetaka kulia au kucheka. Kisha akaja akanikumbatia, kwa nguvu, mpaka bahasha ikalia kifuani kwangu. Nikakohoa haraka kuifunika. Akasema pole sana, baba. Akasema mashine za siku hizi ndivyo zilivyo. Akasema hata wiki ijayo wakiwa bado hawajaitengeneza, si neno, tutangoja tu, yeye ameshaongea na bosi wake leo asubuhi, ramani za mradi anaweza kuzichorea hapa hapa kwenye meza yangu. Kisha akauliza kama naona ubaya akinunua pazia jipya la chumba cha pili. Ameshatoka kwenda kulinunua.

Nimemweza! Hana habari hata kidogo! Ilibidi nijikaze nisicheke mbele yake. Sababu ya wiki ya pili nilikuwa bado sijaitunga, akanipa mwenyewe bila kujua. Watoto wa siku hizi, pamoja na masomo yao na simu zao zote, unawapiga chenga mchana kweupe. Ya wiki ya tatu nimeshaianza: fundi wa mashine amesafiri.